Nani Anadaiwa Chumbani Humu? Uhalisia na Maisha ya Kila Siku Jukwaani

(Haya niliyasema mbele ya mkutano wa waigizaji, waandishi na walimu wa tamthilia. Nimeyaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, waandishi, waigizaji, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya uhalisia jukwaani, na neno hilo likitajwa najua wengi mnawaza nini. Mnawaza meza ya mbao kweli, mlango unaofungika kweli, mwigizaji anayetokwa na machozi kweli. Vitu hivyo vipo na nitavifikia. Ila nataka tuanzie kwenye karatasi moja tu, hati ya mkopo. Mtu akitaka kuelewa uhalisia uliifanyia nini tamthilia, karatasi ile itamfundisha mengi kuliko fanicha zote zilizowahi kubebwa jukwaani.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Katikati ya karne ya 19, majumba ya maonyesho ya Ulaya yalijaa melodrama, ambamo mwovu unamjua tangu anapoingia, kwa muziki tu unaompokea. Sambamba nazo zilikuwapo tamthilia zilizosukwa kwa ustadi mkubwa, ambazo bingwa wake alikuwa Mfaransa Eugène Scribe. Barua inapotea, hadhira inaijua siri asiyoijua mume, mlango unafunguliwa wakati ule ule ambao haukupaswa kufunguliwa, na dakika za mwisho kila kitu kinarudi mahali pake. Watu wanacheka, wanakwenda nyumbani. Fedha zilikuwapo jukwaani? Zilikuwapo, lakini kama urithi, kama mahari, kama hazina iliyofichwa. Deni linalolipwa kidogo kidogo na mtu anayekesha, je? Mshahara uliokatwa, je? Ugonjwa ambao baba amemwachia mwanawe? Hayo yalibaki nje ya mlango wa jukwaa, pamoja na watu waliokuwa nayo.

Sisemi kwamba hakuna aliyetangulia. George Lillo alimweka kijana mwanagenzi wa mfanyabiashara kuwa mhusika mkuu wa tanzia huko London mwaka 1731, na mwandishi Lessing akafuata njia hiyo Ujerumani mwaka 1755. Lakini njia ile ilikuwa bado nyembamba.

Sasa tuje kwenye karatasi yetu.

Mwaka ni 1879. Mtunzi wa Norwei, Henrik Ibsen, anatoa tamthilia yake, Nyumba ya Mwanasesere. Onyesho la kwanza linafanyika Copenhagen tarehe 21 Desemba mwaka huo. Nora Helmer ni mke wa mwanasheria ambaye mwaka mpya ukianza atakuwa meneja wa benki. Ni Krismasi. Kuna mti wa kupambwa, kuna watoto watatu, kuna biskuti za lozi ambazo Nora anazila kwa kujificha kwa sababu mumewe amezipiga marufuku. Miaka kadhaa nyuma mume huyu aliugua, na madaktari wakamwambia mke kwa siri kwamba asipopelekwa nchi ya joto atakufa. Nora akakopa krona 4,800, akampeleka Italia, akamwambia fedha zimetoka kwa baba yake.

Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Mkopeshaji, Krogstad, alitaka sahihi ya baba yake Nora kama mdhamini. Na baba yuko kitandani, anakata roho. Nora akaiweka sahihi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Sikilizeni jinsi anavyokamatwa. Hakuna upanga hapa, hakuna mzimu, hakuna radi. Krogstad anakuja na kueleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameona jambo la ajabu kwenye hati: baba yake Nora alifariki tarehe 29 Septemba, na sahihi yake imeandikwa tarehe 2 Oktoba. Basi. Maiti ametia sahihi siku ya tatu baada ya kufa. Kwa tarehe mbili hizo nyumba nzima inaanza kuporomoka.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Nora alikuwa analipa! Alikuwa anapunguza kwenye fedha za nguo zake, alikuwa amejifungia usiku wa majira ya baridi akinakili maandishi ya watu ili apate chochote, na anasema kazi ile ilimfanya ajione kama vile ni mwanamume. Aliyekuwa anaonekana mke mbadhirifu, mpenda zawadi, ndiye aliyekuwa anabeba nyumba. Nani alikuwa anajua? Hakuna. Hata hadhira, kwa dakika za mwanzo, ilikuwa imeingia mtego ule ule wa mume.

Na hapa nawaomba waandishi wanisikilize vizuri. Ibsen hakuzitupa mbinu za zamani. Alikuwa amefanya kazi kwenye jumba la maonyesho la Bergen tangu 1851 hadi 1857, na kazi za Scribe alizipitisha mikononi mwake mpaka akazijua. Barua ya hatari ipo kwenye Nyumba ya Mwanasesere. Imo ndani ya kisanduku cha barua, ufunguo anao mume peke yake, na Nora anaiona kupitia kioo asiweze kuigusa. Hiyo ni Scribe mtupu. Na mwishoni mkopeshaji anabadili moyo, hati inarudishwa, mume anaichanachana na kuitia ndani ya jiko, anashangilia: nimeokoka, Nora, nimeokoka! Hapo ndipo pazia la kizamani lingeshuka.

Nora anauliza: na mimi je?

Kisha anamketisha mumewe mezani wazungumze. Mazungumzo! Mke na mume, meza katikati, hakuna barua tena, hakuna siri tena. Bernard Shaw, ambaye alimtetea sana Ibsen huko Uingereza, aliona kwamba jambo jipya lilikuwa pale pale: kitendo kimekwisha na tamthilia ndiyo kwanza inaanza kuhoji. Nora na mumewe wameoana miaka minane, na anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza wanazungumza jambo zito. Kisha anaondoka, na mlango wa chini unasikika ukifungwa.

Mnajua nini kilitokea Ujerumani? Mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kucheza mwisho ule, akasema yeye kamwe asingewaacha watoto wake. Na kwa kuwa sheria haikumlinda mtunzi wa nje, Ibsen aliona ni afadhali aiharibu kazi yake mwenyewe kuliko kuharibiwa na wengine. Akaandika mwisho wa pili: mume anamvuta Nora hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto, Nora anaishiwa nguvu, anabaki. Ibsen mwenyewe aliuita mwisho huo ukatili wa kishenzi dhidi ya tamthilia yake. Lakini tazameni kile alichokisema yule mwigizaji: mimi nisingewaacha watoto wangu. Kuna aliyewahi kumkataa Medea, yule mama wa tanzia ya Kigiriki, kwa sababu hiyo? Medea anaua watoto, na waigizaji wamegombea nafasi yake kwa karne nyingi. Medea yuko mbali. Nora alikuwa jirani. Mwigizaji yule alipinga mwisho, lakini kwa kupinga kwake alishatoa ushahidi kwamba mtu aliyeko jukwaani sasa ni yeye.

Miaka miwili baadaye, 1881, Ibsen akatoa Mizuka, tamthilia ya mjane aliyeficha uchafu wa marehemu mumewe na kijana anayelipa kwa mwili wake madeni ya baba. Majumba ya kwao yakaikwepa. Onyesho la kwanza lilifanyika Chicago mwaka 1882, kwa lugha yake ya asili, mbele ya wahamiaji kutoka Skandinavia. London ilipoionyesha mwaka 1891, ilibidi iwe kwa wanachama tu ili kumkwepa mdhibiti wa serikali, na gazeti moja likaifananisha na mfereji wa maji machafu ulioachwa wazi. Deni tena, mnaona? Safari hii linadaiwa kwenye damu.

Basi hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyasema leo yanazunguka hapo: uhalisia uliingiza jukwaani vile vitu vinavyomkandamiza mtu siku ya kawaida, yaani fedha, sheria, kazi na mwili, ukaonyesha nani anavilipia.

Sasa tuje kwenye fanicha, maana najua mnazisubiri.

Paris, mwaka 1887. Kijana anaitwa André Antoine, karani wa kampuni ya gesi. Mchana anafanya kazi ofisini, usiku anaigiza na wenzake wasiolipwa. Anataka kuonyesha tamthilia mpya, mojawapo imetokana na hadithi ya mwandishi Zola, na hana fedha za mandhari. Anafanya nini? Anakwenda nyumbani, anachukua fanicha za chumba cha kulia cha mama yake, anazipakia kwenye mkokoteni, anazikokota hadi ukumbini. Tarehe 30 Machi, Théâtre Libre, jumba huru, likazaliwa na viti vya mama.

Napenda kisa hiki kwa sababu watu wengi hukisimulia kama kisa cha umaskini. Mimi nakiona tofauti kidogo. Viti vile vilikuwa vimekaliwa. Mwigizaji akikaa kwenye kiti kilichokaliwa miaka, mgongo wake unajua. Antoine alikwenda mbali zaidi: alipanga chumba chenye kuta nne kamili, waigizaji wakafanya mazoezi humo, na baadaye ndipo akaamua ni ukuta upi uondolewe ili watu waone. Wazo lenyewe la ukuta usioonekana lilikuwa la zamani. Mwandishi Mfaransa Diderot mwaka 1758 alishawaambia waigizaji wajifanye kuna ukuta mkubwa kati yao na watazamaji, waigize kana kwamba pazia halijafunguliwa. Tofauti ni kwamba Antoine aliujenga kwanza. Ndiyo maana aliweza kuigiza akiipa hadhira mgongo, na Paris ikashangaa: mgongo unaweza kuzungumza? Unaweza. Waigizaji wangu, mgongo unazungumza, mkiuacha.

Mwaka uliofuata August Strindberg, Msweden, alitoa Bibi Julie na utangulizi mrefu wenye malalamiko mengi, mengine ya haki na mengine ya ukali tu wa Strindberg. La haki lilikuwa hili: milango ya turubai. Anasema mlango wa jukwaani ukiguswa unatikisika, kiasi kwamba hata baba mwenye hasira hawezi kutoka na kuubamiza nyumba ikatetemeka. Hataki tena rafu na sufuria zilizochorwa ukutani. Anataka taa za chini zinazozivuruga sura za waigizaji ziondolewe.

Lakini tamthilia yenyewe inafundisha zaidi kuliko utangulizi. Tuko jikoni, kwenye nyumba ya bwana mkubwa, usiku wa sikukuu ya majira ya joto. Mpishi anakaanga kitu jikoni. Mtumishi, Jean, anaingia amebeba buti za bwana, anaziweka chini, mahali zinapoonekana. Bwana mwenyewe hayupo. Hatokei hata mara moja mpaka mwisho. Ziko buti zake, na iko kengele. Usiku kucha Jean anapanda: anamchezea binti wa bwana, anamshika, anapanga kutoroka naye wakafungue hoteli Uswisi, anamtukana. Ni mwanamume kamili. Kisha kengele inalia. Bwana amerudi, anataka buti na kahawa. Na yule Jean wa usiku kucha ananywea, anainamisha mgongo, anajibu kwa heshima: ndiyo, bwana.

Semeni wenyewe, buti zile ni mapambo? Ziondoe kwenye chumba kile uone kama tamthilia itasimama. Hapo kitu cha jukwaani kimeacha kuwa pambo na kimekuwa mhusika, kwa sababu kuna mtu anayekiogopa.

Kuna pia swali la nani anaruhusiwa kusimama pale mbele. Kwa Ibsen bado tuko kwenye sebule za watu wenye nafasi. Kwa Strindberg tumeshuka jikoni. Mwaka 1892 Gerhart Hauptmann, Mjerumani ambaye babu yake alikuwa mfumaji, anachapisha Wafumaji, tamthilia ya uasi wa wafumaji wa Silesia mwaka 1844. Mtafuteni shujaa wake, hamtampata. Wahusika ni zaidi ya 40, na shujaa ni umati. Sehemu ya kwanza ni foleni ya watu wanaoleta vitambaa walivyovifuma nyumbani. Karani anakigeuza kitambaa, anatafuta kasoro, anakata senti. Mwingine anasogea, karani anakata senti. Mtoto anaanguka chini kwa njaa. Hivyo tu. Hakuna hotuba ya kulaani ubepari, kuna karani na kitambaa.

Sehemu ya pili mzee Baumert, ambaye hajaonja nyama muda mrefu sana, amemchinjisha kijibwa chao. Anakula. Kisha anatoka nje, anarudi analia: tumbo lake limeshindwa kuishikilia nyama, limeirudisha yote. Nimesoma maelezo mengi ya njaa. Sijui kama kuna linalolipita hilo, mwili uliozoea kukosa mpaka ukakataa kupata.

Polisi wa Berlin waliipiga marufuku. Kesi ikaenda mahakamani, na mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwenye jumba la Deutsches Theater. Kwa nini? Sababu mojawapo, shikeni viti vyenu: tiketi za jumba lile ni ghali mno, wafanyakazi wachache tu watamudu kuingia, kwa hiyo hakuna hatari ya ghasia. Ilipoonyeshwa hadharani mwaka 1894, Kaisari Wilhelm wa Pili akakasirika, akaachana na sehemu yake maalumu aliyokuwa akiilipia pale.

Mimi hukumu ile ya mahakama inanisumbua zaidi kuliko hasira ya Kaisari. Maskini wameruhusiwa kuonekana, ila si kuona. Na tusijidanganye kwamba swali hilo liliishia Berlin. Kila anayeandika leo juu ya watu wasio na kitu anapaswa kujiuliza tiketi yake ni kiasi gani. Kulikuwa na chama pale pale Berlin, Freie Volksbühne, kilichoanzishwa mwaka 1890, ambacho wanachama wake wafanyakazi walipewa viti kwa kura ili asiwepo wa kukaa mbele kwa sababu ya fedha. Wafumaji ilionyeshwa huko pia. Hilo nalo ni uhalisia, na halimo ndani ya kitabu chochote cha tamthilia.

Nimezungumzia sana maneno na vitu. Sasa nataka niwape kisa cha watu wasiosema kitu.

Anton Chekhov alikuwa daktari. Alizoea kuwasikiliza watu wanaozungumzia kila jambo isipokuwa lile lililowaleta. Tamthilia yake ya mwisho, Bustani ya Micheri, ilionyeshwa Moscow Januari 1904, miezi michache kabla hajafa. Mwishoni mwa tamthilia, nyumba imeuzwa, mizigo imefungwa, treni inasubiriwa. Lopakhin, mfanyabiashara aliyeinunua bustani, ameahidi kwamba sasa hivi, dakika hii, atamposa Varya. Kila mtu anajua. Wanaachwa peke yao chumbani.

Varya anaingia, anaanza kupekua mizigo. Anasema, ajabu, sikioni kabisa. Lopakhin anauliza, unatafuta nini? Varya anajibu kwamba alikifunga mwenyewe na sasa hakumbuki. Kimya. Utakwenda wapi sasa? Kwa familia fulani, kuwatunzia nyumba. Lopakhin anasema mwaka jana wakati kama huu theluji ilikuwa imeanza, mwaka huu ni kimya, kuna jua. Ila baridi, digrii tatu chini ya sifuri. Varya anasema hakutazama. Halafu anaongeza kwamba kipimajoto chao kimevunjika.

Kimya tena. Sauti inamwita Lopakhin kutoka nje. Anaitika haraka, kama mtu aliyekuwa akiusubiri wito huo muda mrefu, anatoka. Varya anakaa sakafuni, anaweka kichwa juu ya fungu la nguo, analia polepole.

Uchumba umekufa, na neno la uchumba halikutamkwa. Kipimajoto ndicho kilichotamkwa! Mwigizaji asiye na uzoefu atakisema kile kipimajoto kwa huzuni. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kiseme kama mtu anayezungumzia kipimajoto. Huzuni iko kwenye mikono inayopekua mizigo ikitafuta kitu kisichokuwepo.

Uandishi wa namna hii ulihitaji waigizaji wa namna nyingine. Tamthilia ya Chekhov, Shakwe, ilipoonyeshwa St. Petersburg Oktoba 1896 ilianguka vibaya, watu wakazomea. Miaka miwili baadaye, Desemba 1898, jumba jipya la waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko huko Moscow likaichukua, likaifanyia mazoezi kwa uvumilivu, ikasimama. Mpaka leo ndege huyo ndiye nembo ya jumba lile.

Lakini hapo hapo Moscow ndipo uhalisia ulipougua ugonjwa wake. Stanislavski alipenda sauti. Vyura, nyenje, mbwa wabweke mbali. Mwigizaji mmoja alipomsifia Chekhov kwamba jukwaani kutakuwa na vyura kweli, Chekhov alionekana kutofurahi. Mwigizaji Meyerhold, aliyekuwapo, aliandika jibu la Chekhov. Kuna picha nzuri ya mchoraji Kramskoi. Je, ukikata pua iliyochorwa ukaweka pua ya mtu hai, itakuwaje? Pua itakuwa ya kweli, na picha itakuwa imeharibika.

Stanislavski mwenyewe, kwa uungwana mkubwa, alikuja kusimulia kisa kinachothibitisha hilo. Mwaka 1902 walikuwa wanaandaa tamthilia ya Tolstoy kuhusu wakulima, Nguvu za Giza. Wakaenda kijijini mkoa wa Tula, wakachukua nguo, vyombo, wakachukua pia wazee wawili wa kuwashauri juu ya desturi. Mmoja, bibi kizee, alikuwa na kipaji cha ajabu. Siku moja akashika nafasi ya mwigizaji mgonjwa kwenye mazoezi, na watu wakaduwaa. Shida ilikuwa moja: akipandwa na hasira anaacha maneno ya Tolstoy, anamwaga matusi yake ya kijijini ambayo hakuna mdhibiti angeyaruhusu.

Wakamtoa kwenye nafasi ile, wakamweka kwenye umati. Akilia, kilio chake kinawafichua wengine wote. Wakamficha nyuma ya umati. Bado. Wakampa apite tu jukwaani akiimba kwa sauti ndogo. Bado! Akiisha kupita, waigizaji waliobobea wanaonekana kama watoto waliovaa nguo za kuazima. Mwisho wakairekodi sauti yake kwenye gramafoni, ikawa inasikika kwa mbali, na yeye hayupo.

Mnacheka. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikamhurumia yule bibi, kisha nikawahurumia waigizaji. Tatizo lilikuwa la nani? Si lake. Ukweli mmoja uliingizwa bila kupikwa, na jukwaa zima likashindwa kuubeba. Huko New York mwaka 1912 mwongozaji David Belasco aliujenga upya mgahawa mzima jukwaani, wa kampuni inayojulikana, na vyakula vyake. Watu walikuja kushangaa, na waliposhangaa ndiyo ikawa basi. Hakuna aliyekuwa akiuogopa mgahawa ule kama Jean alivyoziogopa buti.

Mtunzi Mjerumani Bertolt Brecht baadaye alikuja na lawama nzito zaidi: kwamba chumba kikiigwa vizuri mno, mtazamaji anaamini dunia ndivyo ilivyo na haibadiliki. Ni lawama ya kweli kwa kazi nyingi. Kwa Wafumaji naona haikai.

Niwape viwili vya mwisho, vyote vya mwaka 1959.

New York, mwezi Machi. Lorraine Hansberry anakuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshewa tamthilia yake Broadway. Familia ya Younger, Chicago, wanabanana kwenye nyumba yenye dirisha moja dogo jikoni, bafu wanachangia na majirani. Wanasubiri hundi ya bima ya maisha ya babu aliyefariki, dola 10,000. Asubuhi mtoto anaomba senti 50 za shule. Mama anasema hatuna. Baba, Walter, anamtazama mkewe, anaingiza mkono mfukoni, anampa mtoto senti 50, kisha anamwongeza nyingine 50 aponde raha. Mtoto anaondoka anang'aa. Muda mfupi baadaye Walter anafika mlangoni, anasita, anarudi kwa mkewe: naomba nauli ya kwenda kazini.

Vichekesho, siyo? Na mwanamume mzima yumo humo ndani, na baba wa mtoto, na mke, na Marekani yote. Kwa senti 50. Hakuna gramafoni, hakuna vyura.

Na London, Septemba ya mwaka ule ule, Arnold Wesker, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kupika keki na mikate jikoni, anaonyesha Jikoni. Wapishi, wahudumu, majiko, moto, kelele za saa ya mchana wateja wanapofurika. Na chakula? Hakuna. Mtunzi ameagiza kisitumike kabisa. Wapishi wanakata hewa, wanakaanga hewa, wahudumu wanabeba sahani tupu. Ila kila mpishi ana kazi yake maalumu, anaifanya kwa mpangilio wake, na kasi inapopanda watazamaji wanaona mikono inachoka. Ukuta mmoja tu wa ukweli umebaki, nao ni kazi. Belasco alikuwa na chakula chote, Wesker hakuwa na hata punje. Nani alituonyesha jiko?

Mchana tukirudi hapa viti hivi vitaondolewa, mtagawanyika makundi. Kila kundi litapewa chumba kitupu na kiti kimoja. Sitaki mnitafutie meza wala vikombe. Mtaamua kwanza nani anadaiwa chumbani humo, anadaiwa nini, na nani kati ya waliomo hajui. Mkishaamua ndipo mje mniombe vitu, na kila kitu mtakachoomba mnieleze ni nani anakiogopa au anakitegemea. Kabla ya hapo kuna muda wa maswali, na mwenyekiti ananiashiria kwamba sehemu yake nimeshaila. Karibuni. Naanza na yule dada wa nyuma kabisa, mkono wake uko juu tangu nilipomtaja Medea.